Njia ya Mkato Ina Beberu

Wateja ndio waliompa kinyozi yule jina la Taratibu, na hawakumwonea. Ukikaa kwenye kiti chake, akimaliza upande wa kushoto, wa kulia umeshaota upya. Si kwamba alikuwa mvivu. Hakuona tu sababu ya kukiharakishia kitu kisichokimbia. Mwenyewe alikuwa na kitambi cha heshima kilichomtangulia mlangoni kama mpambe, na miguu ambayo tangu amalize shule aliitumia kwa kusimama tu.

Sasa mtu wa namna hiyo alifikaje kwenye kikundi cha mbio? Mapenzi, ndugu yangu. Mapenzi hayana macho, na kumbe hata mapafu hayana.

Mchumba wake alikuwa muuguzi wa zahanati. Muuguzi alishakubali kuolewa naye, na mama mtu alishakubali. Aliyebaki ni kaka mtu, mwenye duka la misumari, mabati na rangi, mtu mrefu wa maneno marefu, ambaye mtaa mzima ulimwita Filimbi kwa sababu filimbi haikumtoka shingoni hata akiwa anapima misumari. Tangu baba yao aiage dunia, katika nyumba ile Filimbi ndiye aliyekuwa ndiyo na ndiye aliyekuwa hapana. Na Filimbi huyohuyo ndiye aliyekuwa kiongozi wa Mbio na Jembe.

Kikundi chenyewe kilikuwa hivi: kila Jumamosi asubuhi watu wanakutana uwanja wa shule, wanakimbia mpaka mahali penye kazi, wanaifanya bure, kisha wanarudi wakitembea huku wakilalamika migongo. Msimu huo kazi yao ilikuwa palepale zahanati, kuchimba mtaro na kupaka ukuta rangi.

"Sikiliza, bwana kinyozi," Filimbi alimwambia mbele ya kikundi kizima. "Dada yangu haolewi na mtu anayehema akifunga kamba za viatu. Utakimbia na sisi mpaka kazi ya zahanati iishe. Usikose hata siku moja, na usikate kona. Ukimaliza salama, nitakuita shemeji mbele ya watu. Kabla ya hapo, wewe kwangu ni bwana kinyozi."

"Sawa, shemeji," akasema Taratibu.

"Bwana kinyozi!"

"Sawa, bwana Filimbi."

"Mimi toka nizaliwe sijakata kona. Muulize yeyote. Hata nilipoibiwa filimbi yangu nyekundu na wezi, mwaka juzi, nilikuwa mbioni, na bado sikusimama!"

Hadithi ya ile filimbi nyekundu watu walishaisikia mpaka wakaichoka. Wezi wenyewe, kila aliposimulia, waliongezeka.

Jumamosi ya kwanza Taratibu alianza vizuri. Mpaka kwenye kiwanda cha mbao alikuwa bado anaiona migongo ya wenzake. Baadaye akaona vumbi lao. Baadaye hata vumbi likachoka kumsubiri, likatua. Akaegemea ukuta wa kiwanda, moyo unagonga kama mgeni aliyefungiwa nje, na hapo ndipo alipouona uchochoro. Mwisho wa uchochoro, ukishavuka karo ya maji machafu na mkorosho mmoja, palikuwa na geti la bati, na juu ya geti, kilimani, lilionekana paa la zahanati. Karibu hivyo! Barabara yenyewe ilizunguka sokoni, ikashuka darajani, ikapanda tena, kama mtu anayetaka kukopa asijue aanzie wapi.

Taratibu akatazama kushoto, akatazama kulia, akasukuma geti.

Ndani alikutana na beberu. Beberu mkubwa, mwenye ndevu mpaka kifuani na macho ya afisa asiyependa kusumbuliwa. Nyuma ya beberu, kwenye kigoda, alikaa bibi mmoja na fimbo yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hii ni njia ya nani?"

"Samahani bibi, nimepotea."

"Umepotea, na macho yako yote yako kwenye geti langu la mbele? Mume wangu, mtu aliyepotea huwa hajui anakokwenda." Bibi akamkagua kuanzia viatu mpaka kitambi. "Wewe ni wa wale wanaokimbia."

"Ndiyo, bibi. Kwenda kusaidia jamii."

"Ehe! Kila Jumamosi nawasikia huko juu, mnapaka rangi ukuta usioumwa mgongo. Mimi ninayeumwa mgongo niko hapa chini, hamjanipaka hata mafuta. Kupita utapita, lakini geti hili lina ushuru."

"Sina hela hapa, bibi. Kaptura yenyewe haina mfuko."

"Nani kakuomba hela? Mikono si unayo? Ile ndoo pale haijawahi kutembea yenyewe."

Basi akachota maji. Akageuza godoro. Akamtungia bibi uzi kwenye sindano. Na kwa sababu ilimbidi asubiri wenzake wazunguke, muda ulikuwepo. Filimbi iliposikika inapanda kilima, bibi akammwagia kopo la maji kichwani.

"La nini hili, bibi?"

"Jasho. Utafikaje mkavu kama kigae? Nenda!"

Taratibu akatoka geti la mbele, akajichomeka katikati ya wakimbiaji kama kitufe kwenye shati. Filimbi akageuka, akamwona amelowa chapachapa.

"Mmeona jasho hilo?" akapaza sauti. "Hilo ndilo jasho la mwanamume! Nyie wengine mnatoa matone kama bomba bovu."

Muuguzi, aliyekuwa mlangoni na ndoo ya rangi, alimtazama mchumba wake, akatazama matone ya maji yaliyobaki kidevuni mwake, akaingiza ndoo yake ndani. Wauguzi wanaona mengi.

Mchezo ukawa huo. Kila Jumamosi geti, kila Jumamosi ushuru. Mara kung'oa magugu, mara kuziba paa, mara kumkamata kuku aliyejiona ndege. Siku bibi alipogundua kwamba huyu mume wake wa utani ni kinyozi, alimwonyesha beberu.

"Huyu Mheshimiwa ndevu zake zinafagia uwanja. Mnyoe."

"Bibi, mimi nanyoa watu."

"Na yeye ana nini? Ana kichwa, ana ndevu, na ana maringo. Wateja wako wana kingine?"

Jumamosi iliyofuata Taratibu alikuja na mkasi na wembe kiunoni, akamketisha Mheshimiwa, akamchonga ndevu ncha moja safi, akamchorea kisogoni mstari wake maarufu, ule unaopinda mwishoni kama mkia wa samaki, ambao hakuna kinyozi mwingine mjini aliyeuweza. Beberu akajiona kwenye ndoo ya maji. Tangu siku hiyo akampenda Taratibu mapenzi ya kero, akawa anamsugulia kichwa mbavuni kila akiingia.

Mapenzi hayo yalikuwa na harufu.

"Jamani," fundi cherehani mmoja wa kikundi aliuliza siku moja, koleo mkononi, "mbona Taratibu akitoka jasho ananuka beberu?"

"Ni nguvu hizo!" akajibu Filimbi. "Mwili unatoa sumu ya miaka."

Jambo moja tu pale kwa bibi lilimshangaza Taratibu. Pembeni ya jiko palisimama banda la kuku lenye ukuta mmoja. Mmoja tu, kuku waliingia upande wowote waliotaka na kutoka upande wowote waliotaka, kama maoni.

"Hilo kalijenga nani, bibi?"

"Aliyekutangulia," bibi akasema, akasonya. "Unadhani wewe ndiye wa kwanza kulijua geti langu? Mwaka juzi alikuwepo mmoja, wakati ule wanapanda miti huko zahanati. Maneno mengi, kazi nusu. Siku moja akatoka mbio, hakurudi tena. Hata kile kidude chake alikisahau kwenye msumari, nikamvalisha Mheshimiwa."

Kweli, shingoni mwa beberu kilining'inia kidude chekundu cha plastiki, kimejaa matope mpaka hakikujulikana ni nini. Taratibu hakukijali. Alikuwa anazisikiliza nyayo za wenzake.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Mtaro ulishachimbwa, ukuta ulibaki kona moja tu ya rangi. Taratibu aliingia getini na uso wa mtu anayekwenda kufanya mtihani.

"Leo tunaanza ukuta wa pili wa banda," bibi akasema.

"Bibi, leo nisamehe. Leo ndiyo siku yangu. Nikifika salama, kaka yake ataniita shemeji. Akinigundua, sina mke."

Bibi akamkung'utia vumbi begani. "Kumbe ulikuwa unanichukulia mke mwenza muda wote huu! Haya, nenda mume wangu. Lakini funga geti vizuri, Mheshimiwa asitoke."

"Nimesikia, bibi!"

Hakusikia. Filimbi ililia kilimani, na miguu ya Taratibu, ambayo maishani haikuwahi kuwahi, siku hiyo iliwahi kuliko akili. Geti likabaki linapepea.

Huko juu Filimbi alishapanda juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa, kikundi kizima kimemzunguka, Taratibu akiwa ubavuni mwake, na muuguzi amesimama mbele, mikono kifuani.

"Ndugu zangu! Mtu huyu alikuja kwetu akiwa mzigo. Leo ni mkimbiaji. Hakukosa, hakukata kona. Kwa hiyo mbele yenu nyote, kuanzia leo namwita..."

"Mee," ikasikika sauti.

Mheshimiwa alikuwa anapanda kilima kwa mwendo wa mgeni rasmi. Akapita katikati ya watu, akafika kwa Taratibu, akamsugua mbavuni kwa raha zake zote.

"Simjui huyu," akasema Taratibu.

Fundi cherehani akainama kukitazama kisogo cha beberu. "Humjui? Na huu mstari wa mkia wa samaki kauchora nani, malaika?"

Watu wakaangua kicheko. Filimbi hakucheka. Alishuka kutoka kwenye ndoo, uso umekunjamana kama bati lililoangukiwa na jiwe. "Bwana kinyozi. Unanuka beberu kila Jumamosi. Beberu kanyolewa na wewe. Na anatoka kwenye lile geti la chini, ambalo ukipitia uchochoro wa kiwanda cha mbao, ukaruka ile karo ya maji machafu, ukaupita ule mkorosho..."

Akajishika mdomo. Vichwa vyote vikamgeukia.

"Kaka," akasema muuguzi polepole, "wewe ile karo umeijulia wapi?"

Filimbi akafungua mdomo, lakini Mheshimiwa alikuwa amemwona. Beberu akamwacha Taratibu, akamwendea Filimbi, akamnusa goti, akamnusa tena kuhakikisha, kisha akamtia kichwa kwapani kwa furaha ya ndugu waliopoteana. Kidude cha shingoni kikajisugua kwenye shati jeupe la kiongozi. Matope yakatoka. Pakabaki filimbi. Nyekundu.

"Wezi wenyewe ndio hawa?" akauliza fundi cherehani.

Hapo bibi akatokea, fimbo mkononi, anatweta kwa kumfuata beberu wake. Akasimama, akaona, akanyoosha fimbo. "Wewe! Banda langu!"

"Shikamoo, bibi," Filimbi akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

"Marahaba yangu iko kwenye ukuta wa pili, wa tatu na wa nne! Kuku wangu wanalala kama wako kituo cha basi!"

"Bibi, mwaka ule goti lilikuwa linaniuma."

"Goti lipi?" akauliza muuguzi.

Filimbi akashika la kulia. Akafikiri. Akashika la kushoto.

Muuguzi akasogeza kando ndoo ya rangi, akajipangusa mikono. "Nimewasikia nyote wawili. Sasa mtashuka uwanja wa shule, mtazunguka njia nzima, sokoni, darajani, mpaka hapa, na Mheshimiwa mtakwenda naye maana hana pa kufungwa. Mimi nitakuwa nyuma yenu. Wenzetu watatangulia kwa bibi kuanza banda."

"Na misumari?" bibi akauliza.

"Itatoka dukani kwa kaka."

Basi wakakimbia. Mpaka kiwanda cha mbao walikuwa sambamba, beberu katikati, kila mmoja ameshika upande wake wa kamba aliyofungwa shingoni. Kwenye uchochoro wote watatu wakapunguza mwendo. Wote watatu wakautazama.

"Hata msiwaze!" sauti ya muuguzi ikasikika nyuma.

Sokoni Taratibu alikuwa anahema kama mfuko wa mhunzi, lakini alikuwa anakwenda. Kubeba maji, kupanda paa na kukimbiza kuku kumbe kulimwingia miguuni bila kumwomba ruhusa. Filimbi ndiye aliyekuwa anachechemea, na safari hii goti lilikuwa la kweli. Katikati ya soko Mheshimiwa akaona kapu la mboga, akavuta. Kamba ikamponyoka Filimbi mkononi.

"Shemeji!" akapiga kelele, wauza mboga wote wakageuka. "Shemeji, shika kamba!"

Taratibu akasimama palepale. Uso wake ukafunguka.

"Umesemaje?"

"Nimesema shika kamba!"

"Hapana. Kabla ya hapo."

"Beberu anaondoka, wewe!"

"Liseme tu tena lile la mwanzo, nikamkamate."

Filimbi akamtazama, akawatazama wauza mboga, akamtazama dada yake aliyekuwa anawafikia huku amejishika mbavu kwa kucheka.

"Shemeji," akasema. "Tafadhali."

Taratibu akatoka mbio. Za kweli safari hii, kavu, bila kopo la maji. Hakumkamata Mheshimiwa, lakini darajani alikuwa bado anamwona.