Panya Mkongwe wa Kizimba cha Tisa

Pale maabara kila mtu alimwita Shangazi, hata Daktari mwenyewe, binti mwenye haraka zake ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Kwa miaka kumi na minane Shangazi alikuwa akilisha panya na kusafisha vizimba, na hakuna aliyewahi kumuuliza anavyowashika.

Mwaka huo waliletwa panya wazee kumi na wawili. Sita walichomwa sindano za homoni ya kuwarudishia kumbukumbu, sita wakachomwa maji ya chumvi tu. Nani kapata nini ilikuwa siri ndani ya bahasha iliyofungwa. Kila asubuhi waliogeleshwa kwenye beseni pana la maji yaliyotiwa weupe, watafute kijukwaa kilichofichwa chini ya maji. Panya vijana hujifunza upesi kilipo. Hawa wazee walizunguka na kuzunguka kama mtu aliyeingia jikoni akasahau alichofuata.

Mzee kuliko wote alikuwa wa kizimba cha tisa, mgongo umeshaota kipara. Shangazi alimwita Babu. Wiki ya kwanza iliwabidi wamwopoe. Wiki ya nne alikata maji moja kwa moja, sekunde tisa, akapanda kijukwaani na kuanza kujisafisha sharubu bila wasiwasi. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Basi homoni imejibu," alisema Daktari, akafungua bahasha.

Namba tisa: maji ya chumvi.

Shangazi akavuta kigoda, akaketi. "Mwanangu, kosa ni langu. Alikuwa anatetemeka kila akishikwa. Nikawa namtia mfukoni mwa aproni kila asubuhi nikiosha vizimba, napiga naye soga. Kama nimekuharibia kazi, nifukuze tu."

Daktari alikwenda kwenye friza, akatoa sampuli za damu za panya wote, akashinda nazo kutwa nzima. Jioni alirudi na karatasi, macho yanang'aa.

"Shangazi, kuna homoni ya msongo wa mawazo. Ikikaa juu muda mrefu, inadhoofisha kumbukumbu. Wenzake Babu wanayo tele. Yeye ya kwake imeshuka."

"Kwa hiyo sijaharibu?"

"Huyu sitamhesabu na wenzake, na nitaandika sababu. Na panya mmoja hathibitishi kitu. Lakini umenipa swali ambalo sikuwa nalo. Tuanze upya, safari hii na mikono yako."

Wakaleta panya wazee wengine ishirini na wanne, nusu washikwe kila siku, nusu waachwe. Ilichukua miezi mitatu. Waliozoeshwa mikono walikipata kijukwaa mapema kuliko wenzao, na Daktari, licha ya usomi wake wote, alimzungusha Shangazi maabara nzima wakicheza bila muziki.

Jumatatu iliyofuata wanafunzi tisa walipanga foleni mbele ya Shangazi kujifunza kushika panya, na Daktari alikuwa wa kumi.

"Usimnyake kama mwizi," Shangazi alimwambia. "Mpe kiganja, akunuse kwanza."

"Hivi?"

"Polepole, mama. Unamtisha. Rudi nyuma ya foleni."

Daktari akarudi nyuma ya foleni, akitabasamu.