Nywila Vifuani

Jumatatu saa mbili na robo, mhudumu wa mapokezi wa ofisi ya leseni aliketi kwenye kaunta, na nywila yake ya kompyuta ikamtokea kifuani kwa herufi nyeupe, upande ambao wengine huvaa kitambulisho. Ilikuwa jina la binti yake, aliyemzika miaka sita iliyopita na hakumtaja tena. Mhasibu alitokewa na 12345678. Bosi alitokewa na jina la mwanamke ambaye si mkewe, akashinda amekumbatia faili.

"Naona leo zimetoka," alisema mhasibu, akaendelea kugonga mihuri.

Fundi wa kompyuta, mdogo wake mhudumu, alifungua orodha ya nywila kwenye seva. Mfumo hauhifadhi nywila kama zilivyo, huzisaga kwanza zisitambulike. Mistari iliyoanza na alama ya dola ilisagwa kwa njia mpya, na wenyewe walikuwa na vifua safi. Kumi na wanne walikuwa bado kwenye njia ya zamani, ambayo siku hizi mwizi huivunja kabla chai haijapoa.

Miaka mitatu nyuma aliagizwa awahamishe wote kwenye njia mpya. Alibadilisha mpangilio, mstari mmoja tu, akaandika ripoti: Kazi imekamilika. Kumbe mstari ule ulihusu nywila mpya tu; ya zamani hubaki vilevile mpaka mwenyewe aibadilishe. Aligundua wiki ileile, akajikausha. Ripoti ikampa cheo, na dada yake, aliyemwombea kazi, akajisifia kwa ukoo mzima.

Sasa kuwaambia watu wabadilishe kungemlazimu aseme kwa nini. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akatangaza kwamba tatizo ni sabuni ya kufulia. Watu wakakubali, sabuni za siku hizi wenyewe mnazijua.

Saa sita alimfuata dada yake.

"Dada, badilisha nywila, jina litafutika."

"Si ni sabuni?"

Fundi akaanza kunyoosha waya wa kipanya.

"Waambie wenzangu ukweli, wote. Ndipo nami nitabadilisha."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Sakafu ilikuwa ya vigae, haikupasuka.

"Kazi nilimaliza, dada," alisema, akitazama viatu vyake.

Mteja alifika na fomu, akamsoma mhudumu kifuani, akamwita kwa jina lile, kwa adabu kabisa.

"Abee," dada akaitika.

Ameitika hivyo kila siku tangu hapo. Fundi amehamishia meza yake chumba cha nyuma, na bado anamsikia.