Mkasi Juu ya Mahameli

Jora la mahameli lilikuwa limetandazwa juu ya meza ya kukatia, mgongo juu, uso chini, na hakuna aliyethubutu kuweka hata kikombe cha maji karibu yake. Lilikuwa la zambarau iliyoiva, na muuzaji alikuwa ameshasema: likiisha hilo limeisha, kiwanda kimeacha rangi hiyo. Kwaya ilitaka majoho ishirini. Mjomba, mkataji wa karakana ile tangu ilipokuwa na cherehani moja ya mguu, alipima, akapangua, akapima tena, kisha akatoa hukumu.

"Kumi na tisa. Wa ishirini aimbe na shati lake."

Ndipo Kifungo akasema yatatoka ishirini.

Jina la Kifungo alilipata akiwa mtoto wa kutambaa. Alimeza kifungo cha koti la mteja, na karakana nzima ikasimama ikimngojea akitoe. Tangu siku hiyo jina la kwenye cheti likawa la shuleni tu. Sasa alikuwa amemaliza shule, na msichana aliyekulia chini ya meza ile, akichezea vipande vilivyodondoka, alikuwa amesimama upande wa pili wa meza hiyohiyo na kompyuta aliyoazimwa na mwalimu wake.

"Yatatoka ishirini kwa uganga gani?" mjomba aliuliza.

"Si uganga. Nimeandika programu. Unaipa upana wa kitambaa na maumbo ya vipande, inatafuta namna ya kuvibananisha. Inajaribu maelfu ya namna wakati wewe unatia mate kidoleni."

Dada wa pindo, fundi kijana aliyekuwa akishona pembeni, alicheka na uzi mdomoni. Mjomba hakucheka.

"Msichana na kompyuta wapi na wapi? Hao wanaume wenyewe wanaichomoa na kuichomeka, haiwaki."

"Inawaka kwa anayeijua, mjomba."

Mama yake, mwenye karakana, alikuwa akiwasikiliza huku amepitisha futi ya kupimia shingoni. Wiki iliyopita mwalimu wa kompyuta alikuja mwenyewe, akakalia kiti cha wateja, akasema maneno yake bila kuzunguka. Darasani kwake wasichana wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Si kwamba hawawezi. Wanaambiwa hawawezi hadi wanachoka kubisha. Huyu wa kwako, mama, hajachoka. Mwache akasome sayansi ya kompyuta. Mama alijibu, "Nitaona." Na leo jioni chuo kilikuwa kinafunga mlango wa kuchagua masomo. Ili chaguo lipokelewe, namba ya siri hutumwa kwenye simu ya mzazi. Namba ilikuwa imeshafika asubuhi. Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa aproni ya mama.

"Haya," mama alisema. "Hiyo kompyuta itutolee majoho ishirini. Yakitimia, namba nakupa. Yasipotimia, kesho unashika mkasi wa mjomba wako, na habari ya chuo inaishia hapa mezani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kifungo akaanza kusoma vipimo kutoka kwenye skrini, dada wa pindo akachora kwa chaki mgongoni mwa kitambaa. Mbele, nyuma, mkono, ukosi. Vipande viliingiliana kama samaki kwenye kapu: pale mkono mmoja ulipopungua, mwingine ulijaza kwa kugeuzwa kichwa chini. Mjomba alikunja mikono kifuani akitazama. Ulipochorwa mkono wa kwanza uliogeuzwa, alifungua mdomo. Kisha akaufumba. Kifungo alimwona, akadhani ni wivu.

Chaki ilipofika mwisho, kulikuwa na majoho ishirini na kipande cha ziada cha kutosha kushona kofia.

"Kaka," mama alisema taratibu, "yametimia."

"Nimeona."

"Basi kata."

Mjomba akachukua mkasi wake mkubwa, ule ambao hakuna mwingine aliyeugusa. "Mimi nakata nilichochorewa," alisema. "Siwezi kubishana na umeme."

Mkasi ukaingia ukingoni. Sauti yake kwenye mahameli haikuwa ile kali ya pamba. Ilikuwa nzito, kama mtu anayetafuna polepole. Mama alitia mkono mfukoni akaitoa simu. Kifungo aliona mwanga wa skrini ukimulika kidevu cha mama yake. Ili kitambaa kisivutike, alitia kiganja chini yake, upande wa uso, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Kiganja kikateleza kwenye mkono wa joho la kwanza, kutoka begani kwenda chini. Laini. Vinyweleo vya mahameli vililala kama manyoya ya paka anayekubali kupapaswa. Kikapita kwenye mkono wa pili, ule uliogeuzwa, nao kutoka begani kwenda chini.

Vinyweleo vikasimama vikamkataa.

Mahameli ina upande mmoja wa kulala. Ukiitazama kwa kulala ni rangi moja, ukiitazama kwa kusimama ni rangi nyingine. Joho lile lingekuwa na mkono wa zambarau na mkono wa karibu nyeusi, na chini ya taa za ukumbi kila mtu angeona. Alijua hayo. Aliyajua tangu kabla ya kujua kusoma. Lakini programu aliitengenezea vitambaa vya sare za shule, ambavyo ukivigeuza ni vilevile, na kitu ambacho mkono umekizoea, mdomo husahau kukitaja. Hakuiambia mashine.

Mkasi ulikuwa umebakisha shubiri moja kufika kwenye mkono wa kwanza. Mama alikuwa anatafuta ile namba kwenye simu, kidole kikipanda na kushuka.

Angeweza kunyamaza. Hilo lilimjia wazi, kama mtu amemnong'oneza. Kitambaa kililala uso chini. Kasoro isingeonekana hadi vipande viunganishwe, kesho au keshokutwa, na hapo chaguo lingekuwa limeshafika chuoni. Akisema sasa, majoho si ishirini tena, na makubaliano ni makubaliano. Mama yake hakuwa mtu wa kuvunja neno, hata lile linalomuumiza mwenyewe.

Mkasi ukafumbuka.

"Mjomba, usikate."

Mkasi ukatulia hapo hapo. Dada wa pindo, aliyekuwa amerudi kwenye cherehani yake, akaondoa mguu.

"Nimekosea," Kifungo alisema. "Mikono mingine imegeuzwa. Vinyweleo vinapishana."

Mama akarudisha simu mfukoni. Akaja, akafunua ukingo wa kitambaa, akapapasa mara moja tu. Kisha akamgeukia kaka yake, si binti yake.

"Kaka. Macho yako yalikuwa wapi?"

"Sikuulizwa."

"Uliona."

Mjomba alitazama ncha ya mkasi. "Niliona."

"Na ungekata?"

"Kimoja. Ili ajue kazi ya watu haiokotwi kwenye skrini."

"Kimoja cha jora lisilopatikana tena." Mama aliongea chini chini, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatari: alipopiga kelele watu walicheka, aliposhusha sauti walitafuta mlango. "Umri wote huo na mvi zote hizo, unashindana na mtoto kwa mahameli ya watu."

Mama akamgeukia binti yake. "Na wewe, Kifungo. Tulikubaliana nini?"

"Sijamaliza, mama. Chuo hakijafunga, na hakuna kipande kilichokatwa." Kifungo aliifuta chaki kwenye mkono ule kwa kiganja, kwa hasira, hadi vumbi likamwingia puani. "Programu ilifanya nilichoiambia. Kosa ni la mwambiaji. Mjomba, nieleze kwa maneno. Kipi hakigeuzwi kabisa, na kipi kinaweza?"

"Ili niifundishe kazi yangu, kisha initupe nje?"

"Mimi ulinifundisha. Nimekutupa nje?"

"Si unaondoka," mjomba alisema. Yalimtoka ghafla, na baada ya kuyasema alionekana kama mtu aliyeangusha kitu mbele ya wageni. "Mkasi huu nimeunoa miaka yote nikijua utashikwa na nani. Sasa nimpe nani? Huyu wa pindo? Huyu anakata mkate ukapinda."

"Naam, nisemeni tu nikiwepo," dada wa pindo alisema.

"Naenda kusoma, mjomba. Siendi kufa," Kifungo alisema. "Na hata nikienda, bado sitajua unachokijua wewe kama hutanieleza. Nieleze."

Alisogeza kompyuta katikati ya meza, vidole juu ya herufi, akangoja. Mjomba alimtazama dada yake, hakupata msaada. Akaweka mkasi begani kama mkulima na jembe.

"Mbele, nyuma, mikono," alisema shingo upande. "Hivyo havigeuzwi hata ukiwekewa panga. Andika."

"Nimeandika."

"Ukosi una pande mbili. Wa chini nani anauona? Geuza utakavyo. Na vile vipande vya kukunjia ndani, geuza." Alisita. "Mgongo wa joho si lazima uwe kipande kimoja. Mahameli inameza mshono. Ukipasua mgongo katikati, kila nusu inapata pa kujificha."

"Mbona hukufanya hivyo wewe mwenyewe ulipopima?"

"Kwa sababu mipango inakuwa mingi, kichwa kinajaa," mjomba alisema kwa hasira. "Nina kichwa kimoja mimi."

Kifungo akaandika. Akakosea, akafuta, akaandika tena. Kivuli cha dirisha kilikuwa kimeshafika kwenye miguu ya meza. Alipobonyeza kuanza, feni ya kompyuta ikavuma na skrini ikaonyesha majoho kumi na nane. Mjomba akakohoa kidogo. Kisha kumi na tisa. Namba ikasimama pale kama mzigo uliokwama mlangoni, ikasimama, ikasimama, hata dada wa pindo akaanza kuomba kwa midomo tu bila sauti.

Ishirini. Safari hii ziada haikutosha kofia. Ilikuwa na upana wa vidole viwili.

Walichora upya. Mjomba alipita nyuma ya chaki akipapasa kila kipande kwa chini. Hakupata kosa. Akaanza kukata.

"Vidole viwili," alinong'ona. "Mkono ukiteleza mara moja, tumekwisha."

"Basi usiteleze," mama alisema. Alikuwa amesimama karibu na Kifungo, na hakuwa anautazama mkasi. "Ungenyamaza, ningekupa namba. Ulilijua hilo?"

"Nililijua."

"Ukasema."

Kifungo alikung'uta vumbi la chaki viganjani.

Mama akaitoa simu, akaiweka juu ya kompyuta. "Chukua. Andika kabla hawajafunga."

"Lakini mama, hajamaliza kukata. Huenda yasitoshe."

"Yasipotosha nitabishana na kwaya mimi mwenyewe, na kushindwa nitashindwa mimi. Niliweka sharti la kijinga, la kupima mtu kwa kitambaa. Andika."

"Bi mkubwa," dada wa pindo alisema kutoka kwenye cherehani yake, "huyo mwalimu anapokea na wenye watoto kama mimi? Au ni mabinti tu?"

"Maliza pindo, kisha nitakupeleka mwenyewe ukamuulize."

Kifungo akaandika chaguo lake, akaingiza namba tarakimu kwa tarakimu huku akizisoma kwa sauti, akabonyeza. Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye skrini. Nyuma yake mkasi uliendelea kutafuna.

"Imeingia?" mjomba aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bado inazunguka."

"Ikiingia useme."

Duara likazunguka. Jasho lilimtiririka mjomba hadi ncha ya pua, akageuzia uso kando lisidondokee mahameli. Kisha maandishi ya kijani yakatokea.

"Imeingia."

Mjomba akaweka mkasi chini, akafuta kiganja kwenye suruali yake, mara mbili, akamtazama mpwa wake. Akaunyanyua tena mkasi, akainama. Majoho mengi yalikuwa bado ndani ya kitambaa.