Risasi Chini ya Maua ya Mpaka

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga mekoni kabla hakujapambazuka. Bibi kizee Wanjugu aliepua chai, akammiminia Kipyegon, muuza vyuma kuukuu aliyekuja kutoka Kaptembwo na mashine yake ya kutafutia vyuma. Saa sita greda lingepanua barabara juu ya mpaka wa shamba la Wanjugu hapo Bahati, na baba yake alilala mahali fulani chini ya mpaka huo.

Askari walimpiga risasi mwaka wa hamsini na nne, na risasi haikutoka mwilini; hiyo ndiyo mashine ingeitafuta, ionyeshe kaburi. Mama alimzika kwa siri kwenye shamba la mzungu, akapanda ua moja la itoka kichwani pake. Mashamba yalipogawanywa, wapimaji walilikuta. Kwa Wakikuyu itoka ni alama ya mpaka, basi wakanyoosha kamba papo hapo, na majirani wakaongeza maua mengine mstari mzima. La kwanza ni lipi, hakuna ajuaye.

Mashine ililia mara nne. Kipyegon alichimba kwa vidole ili asikate mizizi, na Wanjugu aliliona hilo.

"Shika, shosho."

Vipande vinne vya risasi, vidogo lakini vizito, vyenye ukungu mweupe. Wanjugu alivipokea kwa viganja viwili.

"Ni yeye?"

Kipyegon alikwaruza kimoja kwa ukucha. Kikang'aa kijivu.

"Laini hivi, tena bila koti la shaba. Hizi ni za bunduki za zamani za kuwinda. Za askari zilivikwa shaba. Tungeona ukijani."

"Una hakika, kijana wangu?"

"Ningekudanganya ulale vizuri, lakini ungekuwa unamlilia pundamilia."

Wanjugu alicheka huku machozi yakimtoka.

Walianza upya, yeye akitambaa kwa magoti, akipapasa kila shina. "Baba, niambie," alinong'ona. Mashine ilinyamaza kimya. Greda lilipofika, dereva alizima injini, akawasubiri nusu saa nzima bila kuombwa. Kisha akashuka, akamvulia Wanjugu kofia.

"Mathe, nisamehe. Nimetumwa."

Maua yaling'oka yote, yakalala mizizi juu.

Kipyegon alikunja mashine, akakataa nauli. Wanjugu alimshika mkono, hakuuachilia.

"Udongo umegeuzwa. Pengine sasa yuko karibu na juu. Rudi kesho, mwanangu. Mashine ikikataa, rudi tu unitembelee."