Mapacha wa Siku ya Bulu

Siku ya Bulu, sikukuu ya kufungua msimu wa kupanda, Ambibe alifika mapema chini ya paa la kuhani, kanzu kaifunga kiunoni kama mcheza mieleka. Mwaka uliopita, kuhani aliporusha toka paani uwele uliobarikiwa kwa jina la Amma, Muumba wa kila mbegu, wenzake waliudaka. Yeye alirudi nyumbani mikono mitupu, jino limelegea, na mkewe Yagule akacheka mpaka akakaa chini.

"We mla vitunguu!" Kontao alimpigia kelele. Kontao alikuwa Mbozo, mvuvi aliyepanda majabali kuja kuuza samaki wakavu, na baina ya Wabozo na Wadogon, wakulima wa majabalini kama Ambibe, matusi ya utani ndiyo salamu. "Mikono ya kupalilia hiyo itadaka nini?"

"Nyamaza, kambare! Unanuka mpaka Amma kaziba pua!"

Umati ukaangua kicheko. Ngoma zikapamba moto. Mzee Antimbe, kuhani, akamimina uji wa uwele juu ya nguzo ya udongo ya kutambikia Amma, ukachuruzika mweupe pande zote.

"Amma, pokea, unywe! Tupe mvua! Tupe watoto!"

Akapanda paani, akainua kikapu cha uwele. Vijana wakasukumana, viwiko mbavuni. Ambibe akakunja magoti tayari kuruka.

"Ambibe! Mkeo kashikwa na uchungu!" Alikuwa shemeji yake, dadake Yagule, anahema.

"Nadaka kidogo tu, nakuja!"

"Kamwambie mtoto asubiri, basi!"

Ambibe akatazama kikapu, akamtazama shemeji, akatoka mbio. Nyuma yake uwele ulimwagika kama mvua ya mawe, watu wakapiga mayowe.

Wanawake walimzuia mlangoni. Akasimama hapo hadi aliposikia kilio chembamba.

"Wa kike!" shemeji akatangaza, akichungulia nje.

Ambibe akaruka juu.

"Usishangilie bado! Kuna mwingine!"

Mle ndani kimya kilitanda, akamwita Amma kimoyomoyo, hana hata punje ya kumpa. Kisha kilio cha pili kikapasua hewa, kikali kuliko cha kwanza.

"Wa kiume! Mapacha, Ambibe!"

Habari zikaenda mbio kuliko upepo. Ngoma zikahama, zikateremka vichochoroni na umati wote, mzee Antimbe mbele, fimbo mkononi.

"Amma alitaka viumbe wawe wawili wawili," alisema huku akitweta. "Sisi wengine tumezaliwa nusu. Hawa wamekuja kamili. Leteni kibuyu!"

Kijana mmoja mwenye mdomo uliovimba kwa vurugu akafungua kiganja, akatia punje zake kibuyuni. Wa pili akafuata, kisha kila aliyedaka. Ambibe akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, machozi yakamtiririka mbele za watu.

"Mla vitunguu, kumbe unadakiwa na mkeo!" Kontao alisema, akiweka samaki wawili wanono kizingitini.

Kutoka ndani sauti ya Yagule ikasikika, imechoka lakini ina kicheko:

"Nani huyo ananuka samaki? Waleteni huku, nina njaa!"