Theluji ya Anselm

Jumamosi asubuhi Verlina alichota theluji chumbani kwa kaka yake, akaifukia chupa ya maziwa ya mtoto ndani ya ndoo, kisha akarudi jikoni kumenya ndizi mbichi. Theluji ilikuwa ikianguka humo tangu Anselm ahamie Toronto. Ilitoka darini na kukomea kizingitini. Kijiji kizima cha Choiseul, pale kisiwani kwenye joto, kilijua. Jirani yake, Ma Fifi, alikuja na beseni la samaki.

"Mwambie kaka yako aongeze kidogo. Leo wamevuliwa wengi."

"Huyo hata salamu haongezi, Ma Fifi."

Nyumba na kiwanja aliviacha mama yao bila kugawa, kama ilivyo desturi: ardhi ya ukoo haikatwi, na anayebaki huwashikia wenzake. Verlina ndiye aliyebaki. Alimuuguza mama, akaezeka paa upya baada ya kimbunga, na alipomzaa Odelia akakizika kitovu chake chini ya mshelisheli, kando ya cha Anselm na chake mwenyewe. Hakuomba sahihi ya mtu. Nani humwomba sahihi ndugu ambaye kitovu chake na chako vimelala shimo moja?

Kisha Anselm akafungua kesi. Alitaka nyumba iuzwe, kila mtu achukue chake.

Mpimaji wa mahakama, Bwana Charlery, alifika akiwa amevaa soksi mbilimbili. Verlina alikuwa amefagia kizingiti ili mstari uonekane vizuri.

"Tazama mwenyewe, Bwana. Theluji imeonyesha chake. Mkatieni hapo. Mimi na mtoto tutabaki huku."

Bwana Charlery alipiga magoti, akapapasa ubao.

"Ingekuwa hivyo, dada yangu, ningekuwa nimeshamaliza. Hana chumba chake humu. Ana nusu ya kila ubao, na wewe una nusu. Hata pale anapolala mtoto. Na nyumba ndogo kama hii haigawanyiki. Itauzwa."

"Na paa nililoezeka?"

"Watasema umekaa humu bila kulipa kodi."

Alipokuwa akikunja futi yake, theluji ilivuka kizingiti. Haikuwa na haraka. Ilipita sebuleni, ikaingia jikoni, ikatua juu ya ndizi, kisha kitandani kwa Odelia, nyembamba, sawasawa kila mahali. Bwana Charlery aliandika kwamba ndani kuna baridi, akaaga.

Jioni Verlina alimpigia Anselm simu.

"Kaka, mtoto anatetemeka."

"Hata huku natetemeka, Lina. Miaka yote hii. Nataka changu tu, nipumzike."

Nyumba ilinunuliwa na mwenye hoteli. Aliuliza kama theluji imo kwenye bei, wakili akamwambia imo.

Siku ya kuhama Verlina alichukua jembe, akaenda kufukua kitovu cha mwanawe. Theluji ilikuwa imeshatoka mlangoni na kufika kwenye shina la mshelisheli. Udongo ulikuwa mgumu kama jiwe. Alipiga mpaka mpini ukapasuka. Odelia, aliyeviringishwa mashuka mawili, alikuwa akiikinga theluji kwa ulimi.

"Mama, kitovu changu kimetoka?"

"Kimeganda, mama."

"Basi tungoje kiyeyuke."

Mwenye hoteli alikuwa amesimama getini na funguo mpya, amevaa koti zito. Akawapisha kwa adabu. Verlina aliliegemeza jembe mtini, akambeba mwanawe, akateremka naye barabarani, kwenye jua kali.