Kilo Tatu za Mwongeli

Mwongeli alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mapaja yake yalijaa kama ya mwendesha baiskeli. Mchana alikuwa karani katika ofisi moja ya bima mjini. Jioni alitoka Makongeni, alikoishi na mamake, akavuka hadi ukumbi wa Kaloleni, akavua sketi, akavaa gi, vazi jeupe la karate, na kufunga mkanda wake wa kahawia. Hapo wenzake wakaanza kutafuta sababu za kutosimama mbele yake. Mmoja ana mafua, mwingine kiatu kimembana tangu asubuhi.

Aliyesimama bila kusukumwa alikuwa rafiki yake Celine, mrefu kama mlingoti wa goli, mwenye miguu iliyofika kabla mwenyewe hajafika. Wakipigana, Celine ndiye aliyeshinda. Hakushinda kwa mbali, lakini ni yeye kila mara.

Mwaka wa tisini na sita ilitangazwa kwamba kungekuwa na mashindano ya kuchagua timu ya kwenda Mombasa. Wanawake wangegawanywa makundi mawili, walio chini ya kilo sitini na walio juu yake, na kila kundi litoe mmoja tu. Mwalimu wao, Sensei Javan, fundi wa mabomba aliyefundisha karate baada ya kazi, alileta mizani ya kuazima na kuwapandisha mmoja mmoja.

"Sitini na tatu," alisema, akimtazama Mwongeli kama mtu aliyeokota kitu. "Kilo tatu pekee! Shuka, nikuweke huku chini. Celine abaki juu. Wote wawili mnaenda Mombasa."

Celine akapiga makofi. Mwongeli naye akaona ni jambo la busara. Kilo tatu ni nini?

Alianza kwa kuacha ugali, kisha chapati, na baadaye akaacha karibu kila kitu isipokuwa sukuma wiki na chai ya rangi. Alfajiri alikimbia kandokando ya Jogoo Road akiwa amevaa mfuko wa plastiki chini ya sweta, akichakarisha kama mahindi yanayomenywa. Makanga wa matatu walimpigia mbinja. Uzito ukapungua kweli, na kila alipopanda mizani Sensei alifurahi kama mtu aliyeongezwa mshahara.

Nyumbani hakuna aliyefurahi.

"Mwongeli, mwanangu," mamake, Nthoki, alimwambia usiku mmoja akiangalia mahindi ya muthokoi yaliyopoa kwenye sahani. "Kuna kitu unanificha?"

"Hapana, mama. Ni karate."

"Karate ndiyo inakukondesha shingo?"

Miaka ile mtu hakukonda hivi hivi. Ukikonda, watu waliangalia pembeni na kuongea kwa sauti ya chini kuhusu ule ugonjwa. Majirani wakaanza kumsalimia Mwongeli kwa upole ambao hakuwa ameuomba. Mwenye kioski alimpa mayai mawili akakataa kupokea pesa. Jumamosi moja, alipotoka kufua, alikuta sebule imejaa akina mama wa kanisa, wakiongozwa na Mama Ndete, ambaye maombi yake yalisikika hadi kwa majirani wa upande wa pili wa uwanja. Walikuwa wamekuja na sufuria za githeri, kuku wa kuchemshwa, na chupa mbili za uji.

"Bwana hamtupi mtu wake," Mama Ndete alisema, akimshika Mwongeli mikono yote miwili. "Hata ikiwa ni nini, binti yangu. Hata ikiwa ni nini."

"Lakini mimi si mgonjwa! Napunguza kilo ili nipigane!"

Wakatazamana. Halafu wakaomba kwa nguvu zaidi.

Mwongeli alisimama katikati yao macho yamefumbwa, harufu ya kuku ikimpanda puani, na katika maombi yote yale alisikia tumbo lake tu. Alipofumbua macho, alimwona mamake akifuta machozi na ncha ya leso. Hilo halikumchekesha hata kidogo. Walipoondoka alikula paja moja la kuku, akajilaumu, akaenda kukimbia tena.

Jumatatu Sensei Javan aliwapima kuruka. Alikuwa na desturi ya kuwapaka chaki vidoleni, wasimame kando ya ukuta, waruke na kugusa juu kadiri wawezavyo. Alama ya Mwongeli ya awali ilikuwa bado inaonekana, juu kuliko za wanaume kadhaa.

"Sasa umekuwa mwepesi," Sensei alisema. "Leo utagusa dari."

Mwongeli alichuchumaa, akaruka. Vidole vyake viligusa ukuta kiganja kizima chini ya ile alama ya zamani. Akaruka tena, ikawa chini zaidi. Mara ya tatu magoti yalikataa. Akaketi sakafuni, ukumbi mzima ukizunguka.

Celine alikimbia na soda, akamshika kichwa anywe.

"Sensei," alisema bila kugeuka, "huyu hatakwenda popote hivi. Nilimpiga teke Ijumaa nikahisi napiga pazia. Mwongeli yule mwingine, ukimpiga teke, mguu unakuuma wewe."

Sensei Javan alichuchumaa mbele yao, akiinua macho kuitazama ile alama ya chini ukutani.

"Mizani haijui nyama wala mafuta," alisema hatimaye. "Nilidhani unapoteza mafuta. Kumbe umepoteza miguu. Kosa ni langu, Mwongeli. Nenda ukale."

"Na kundi la chini?" Mwongeli aliuliza.

"Wacha liende. Panda huku juu tupigane," Celine akajibu. "Heri nishindane na wewe kuliko kukuona hivi."

Jioni hiyo Nthoki alipika ugali, akakaa kando akimtazama bintiye akila mpaka sahani ya pili. Ya tatu alimpakulia bila kuombwa.

Wiki zilizobaki Mwongeli alikula kama mtu mwenye kazi ya kufanya, na nguvu zikarudi kabla ya kilo kutimia. Jambo moja lilikuwa limebadilika. Zamani alirudi nyuma alipoona mguu wa Celine ukiinuka. Sasa alianza kuruka mbele, kuingia ndani ya teke kabla halijanyooka. Mara nyingi alikuta mguu tumboni, lakini aliendelea.

Siku ya mashindano wawili hao waliwatoa wengine wote. Fainali ikawa yao. Sensei alikataa kumshauri yeyote, akakaa akitafuna njugu. Nthoki alikuja na Mama Ndete, wakashangilia kila pigo bila kujua ni la nani. Alama zilikuwa sawa na muda ukiyoyoma, Celine alipoinua mguu. Mwongeli akajirusha chini yake kwa mapaja yale yale, ngumi ikagusa mbavu. Refa akainua mkono upande wa Mwongeli; safari ya Mombasa ikawa yake.

Celine aliinama, akampa mkono. Alitembea mbele peke yake walipokuwa wakienda soko la nyama la Burma, Sensei akiwa ameahidi nyama choma.

Nyama ililetwa kwenye ubao, ikakatwakatwa. Celine alitafuna ubavu mzima akiangalia barabarani.

"Mimi na mdomo wangu," alisema mwishowe. "Panda huku juu, panda huku juu. Nani alinituma?"

Mwongeli alicheka hadi akapaliwa. Celine akamgonga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akavuta kachumbari kwake.

"Jumatatu utanionyesha hiyo ngumi," alisema. "Polepole. Na usinidanganye."